Gitaa Lililofungwa Nyuzi Kinyume

Benchi lilikuwa mbele ya duka la fundi cherehani aliyeitwa Mzee Taratibu, kwa kuwa hata salamu aliipima kwanza kabla ya kuikata. Kila alasiri Bi Chungu alitua hapo na birika lake la kahawa isiyo na sukari, kinyozi Wembe akavuka barabara, na Redio, fundi wa redio, akaja na koleo mfukoni. Siku hiyo juu ya meza ya kukatia nguo lililazwa gitaa la nyuzi za nailoni, la mitumba, bei nusu ya jipya. Muuzaji aliliacha likaguliwe mpaka saa kumi, akaonya: mkikata hata uzi mmoja, mmelinunua. Mzee alilitaka kwa ajili ya binti yake. Marehemu mkewe alikuwa na gitaa lake, akilipigia nyimbo za sala pale nyumbani, na binti akajifunzia magotini pake. Siku ya msiba shemeji mmoja mnene akalikalia gitaa lile, likapasuka. Jumapili ungetimia mwaka tangu msiba, na mzee alitamani nyumba yake iimbe tena. Ila yeye kuhusu gitaa alijua kulifuta vumbi tu. Basi akawa anatia kiraka mkono wa gauni la binti, ambalo hakulivaa tangu msiba, huku akiwasikiliza wajuzi.

WEMBE: Gitaa hugongwa kama tikiti maji. Sikieni! Ko, ko. Limeiva.

REDIO: Limeiva wapi? Tazama nyuzi. Nene ziko chini, nyembamba juu. Magitaa yote niliyoyaona, nene huwa juu. Hili limefungwa kinyume.

BI CHUNGU: Ndiyo maana ni rahisi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili limekuja hapa kwa miguu ya muuzaji.

WEMBE: Mimi nasema aliyelitengeneza alikuwa anatazama kioo. Kioo kinadanganya! Wiki yangu ya kwanza kazini nilimnyoa mtu upande mmoja mara mbili.

REDIO: Na upande wa pili?

WEMBE: Mpaka leo anavaa kofia.

BI CHUNGU: Kioo kitu gani! Hiyo ni kazi ya wifi. Wifi akikuchukia hakuvunjii gitaa. Analigeuza kimyakimya, ulie kama mbuzi mbele za watu.

REDIO: Shule mliikimbia nyie. Dunia ni mviringo. Wako watu wanaishi upande wa chini, vichwa vinaning'inia. Gitaa lao likija huku juu, nyuzi lazima zipinduke.

BI CHUNGU: Na kahawa yao haimwagiki?

REDIO: Ndiyo maana wanainywa harakaharaka.

TARATIBU: Sasa nifanyeje, ndugu zangu? Saa kumi hiyo inabisha hodi.

WEMBE: Haraka haraka haina baraka, mzee. Nunua sasa hivi.

REDIO: Nalikata nailoni zote, nafunga waya wa chuma. Litasikika mpaka mtaa wa pili.

TARATIBU: Muuzaji amesema chuma kitaking'oa hiki kibao kinachoshika nyuzi.

REDIO: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

TARATIBU: Hapo ameinama nani?

Redio akalitoa koleo, akalifungua mdomo. Mzee akaomba moyoni sala fupi, kama mtu aonaye kitambaa kinakatwa bila kupimwa.

Ndipo akaingia mama mmoja, mpishi wa shule, aliyefuata aproni yake. Akalitazama gitaa, akawatazama na wao.

MPISHI: Hamjambo? Huyo atakayelipiga anatumia mkono gani?

Redio alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Bi Chungu. Bi Chungu akachungulia ndani ya birika, kana kwamba jibu limezama humo.

WEMBE: Mkono... wake.

MPISHI: Kaka yangu ni wa kushoto. Lake liko hivihivi.

Mzee Taratibu akakumbuka. Kwaya ilikuwa imempa binti gitaa mara tatu, na mara zote akalirudisha: "Hili silo, baba." Yeye akadhani ni uchungu wa mama, akamwachia Mungu. Akauinamia ule mkono wa kushoto wa gauni mapajani mwake. Ulikuwa umelika chini kidogo ya kiwiko, pale mkono unapolala juu ya ukingo wa gitaa. Kwingine kote kitambaa kilikuwa kizima. Na magauni ya mama yake je? Viraka vingapi alivitia pale pale, akimkemea mkewe kwamba anaegemea meza mno! Miaka ishirini na sita alishona mkono wa kushoto, asijiulize hata siku moja.

TARATIBU: Redio, rudisha koleo mfukoni.

REDIO: Lakini mzee, chuma...

TARATIBU: Mfukoni, mwanangu. Binti yangu ni wa kushoto. Na mama yake alikuwa hivyohivyo.

WEMBE: Si nilisema kioo?

Bi Chungu akalipindua birika. Halikutoa hata tone.

BI CHUNGU: Kahawa imekwisha. Na akili zenu zilitangulia.

Mzee hakucheka, ila mabega yalimtikisika. Akalisogeza gitaa karibu naye, akakata kipande kingine cha kitambaa, akashona kiraka cha pili juu ya kile cha kwanza. Kuanzia Jumapili, kimoja kisingetosha.