Bwana Sabuni, Dereva Aliyekataa Kupakwa Masizi

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, wafanyakazi wa reli mlio kazini na mliostaafu, na nyinyi wageni kutoka ofisi kuu ya shirika mlioketi safu ya pili na miwani yenu ya jua, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu, mimi dada yake ninayemfuata kwa kuzaliwa, na mnaonifahamu mnajua kwamba sina sauti ya kunong'ona, kwa hiyo tusikilizane.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa tatu kutoka karakana ya injini za mvuke, chumba kimoja na sebule, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, baba yetu akiwa mzoa majivu chini ya injini, na mama yetu akiwa mfuaji, si wa kuajiriwa, mfuaji wa lazima, maana shuka alizoanika asubuhi zikiwa nyeupe alizianua mchana zina madoadoa meusi, akazirudisha kwenye beseni, na kesho yake hivyo hivyo. Tunayasema haya mapema kwa sababu siku hizi kuna watu wanatuambia kwamba enzi za moshi zilikuwa enzi tamu, na sisi tuliolala ndani ya moshi huo, tukapenga makamasi meusi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, tunatamani kujua utamu huo wao waliulamba wapi.

Alisoma shule ya msingi ya reli, ng'ambo ya daraja la chuma, kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, akawa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa na tabia ya kukagua kola za mashati kila Jumatatu, na watoto wa mstari wa tatu tulikuwa tunatolewa mbele, tunageuzwa shingo, darasa linacheka, wengine tukilia na wengine tukizoea, lakini kaka hakulia wala hakuzoea, alianza kujifulia shati mwenyewe kila jioni, akalipiga pasi, akalining'iniza ndani ya kabati la vyombo ili moshi usilione. Mama aligomba weee kuhusu sahani zake, akachoka, akamwachia rafu moja. Huko ndiko lilikotoka jina la Bwana Sabuni, wenzake walimpa kwa kumdhihaki, naye akalichukua likawa lake mpaka mwisho.

Tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa na shirika akiwa mfuta injini, mwaka 1972 akawa mtia makaa, yaani yule anayesimama na koleo mbele ya mdomo wa moto, na Agosti 1977 akapewa injini yake mwenyewe akawa dereva kamili. Kazi aliijua, hilo halina ubishi, lakini asije mtu hapa leo akatuambia aliipenda injini ile, aliiita jiko lenye magurudumu, na kila alipomaliza zamu alikwenda kwenye bomba la nyuma ya karakana na kipande chake cha sabuni na dodoki, akajisugua shingo, masikio na chini ya kucha, wenzake wakimpigia kelele kwamba anawachelewesha, kwani anakwenda kuoa leo? Alikuwa akiwajibu kwamba masizi ni ya shirika, ayaache shirikani.

Mara moja tu aliteleza, na aliteleza siku mbaya. Alikuwa amempenda binti wa fundi cherehani mmoja aliyeshona mashati ya watu wa maofisini, na siku aliyotakiwa kwenda kujitambulisha treni ilichelewa, akanawa haraka haraka, akafika, akaketi kwa adabu zote, na alipoinuka akaacha alama ya kiganja cheusi kwenye kitambaa cheupe cha meza. Yule mzee alikitazama kiganja kile, kisha akasema kwa macho makavu kwamba hatamtoa binti yake akaishi kufua mpaka kaburini. Baada ya wiki moja kaka alirudi bila kuitwa, amejisugua mpaka ngozi imechubuka, akaweka mikono yote miwili juu ya kitambaa kile kile kilichokwisha kufuliwa, akaibandika kwa nguvu, akaiondoa, na kitambaa kikabaki cheupe. Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akachukua futi yake, akampima mabega pale pale, na shati jeupe alilomshonea ndilo aliloolea tarehe 9 Desemba 1978, shemeji yetu huyu hapa mbele yenu ni shahidi.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akizaliwa mwaka 1980, naye ni fundi wa kuchomelea vyuma, wa pili mwaka 1983, naye ni muuguzi, na kitinda mimba mwaka 1988, mwalimu wa hesabu, na wajukuu watano. Mwaka 1984 injini za mvuke ziliondolewa, akahamia dizeli, na mwaka 2001 reli ilipowekewa umeme alikuwa miongoni mwa madereva wa kwanza kufundishwa, na siku aliyorudi kutoka safari yake ya kwanza ya umeme alimnyooshea mkewe mikono mlangoni, akamwambia, mama watoto, tazama, siku nzima hii. Tangu hapo alikwenda kazini na shati jeupe na akarudi nalo jeupe, miaka kumi, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2011, na hiyo ndiyo miaka aliyoipenda.

Hapo ndipo historia hii ingekwenda moja kwa moja kwenye uzee mwema, bustani kidogo, wajukuu kidogo, lakini mwaka 2013 wakubwa wakashikwa na wazimu wa enzi zile. Injini ya zamani iliyokuwa pambo mbele ya stesheni kuu ilishushwa, ikazibwa matundu, ikapakwa rangi, ikaundiwa matembezi ya kila Jumamosi asubuhi, na matembezi hayo yakaingizwa kwenye njia ile ile ambayo treni za umeme zinafuatana zimebeba watu wanaokwenda kutafuta riziki. Walimwita kaka kwa sababu hakubaki mwingine anayeiweza, akakataa, wakamwita tena, akakataa, mpaka walipomwambia basi wataweka kijana atakayefundishwa wiki chache, ndipo akawaza kwamba binti yake muuguzi kila Jumamosi huwa kwenye treni inayofuata nyuma, akapiga moyo konde akakubali, kwa masharti mawili, avae shati lake jeupe, na watu wa kazini wasisimamishwe njiani kwa ajili ya starehe ya mtu.

Jumamosi ya kwanza kabisa, mkuu wa matangazo alimfuata na kopo la dawa nyeusi ya viatu na pamba mkononi, akitaka kumpaka mashavuni, eti wageni hawakuja kumwona dereva anayefanana na karani wa benki. Jamani! Mtu mzima wa miaka sitini na miwili, mwenye wajukuu, apakwe dawa ya viatu usoni ili watu wapige naye picha wakicheka. Kaka alimjibu kwamba yeye alitumia miaka kumi na tano kuitoa hiyo, akapanda injini yake.

Na wageni wenyewe, tusiwasahau, walivaa kofia za mabibi wa zamani na ovaroli mpya zenye mistari ya pasi, gilasi mkononi, wakisema raha ilikuwa zamani, na punje moja ya makaa ikimwingia mmoja jichoni wanataka daktari. Kaka alipoingiza treni kwenye njia ya kupishana ili watu wa kazini wapite, walinuna, wakagonga vioo. Wakamtaka asimame katikati ya njia kuu, washuke, arudi nyuma, kisha apite mbele yao akitoa moshi mweusi kwa wingi ili picha zipendeze, moshi ambao zamani dereva akiutoa aliitwa ofisini, kwa kuwa ni dalili ya makaa yanayochezewa, na moshi huo unaingia wapi kama si kwenye zile nyumba za mstari wa tatu, ambazo hadi leo zina watu, na watu hao wanaanika nguo. Alikataa kila Jumamosi, na kila Jumamosi alirudi nyumbani ameshika tama, akisema hatapishwi na moshi ule, anatapishwa na kicheko chao.

Tarehe 15 Oktoba 2016 mwenyekiti wa bodi alipanda na wageni wake, na hakutaka kuwekwa pembeni kupisha mtu, akapiga simu chumba cha kuongozea treni, treni za umeme zikazuiwa, zikapangana nyuma kwenye taa nyekundu, watu wamesimama wamebanana, muuguzi wetu akiwa ndani. Katikati ya stesheni mbili kioo cha kupimia maji ya boila kilipasuka, mvuke ukajaa ndani ya injini, na kaka akamsukuma mtia makaa wake nyuma ya mgongo wake, akapapasa vali akazifunga kwa mkono, akaungua uso na mkono wa kulia. Wageni wakapiga kelele wateremshwe hapo hapo, yeye akawaza wale walio nyuma, akaikokota treni polepole mpaka stesheni iliyofuata, akaiingiza pembeni, njia ikafunguka na watu wakaenda kazini. Ndipo akashuka, mweusi kwa masizi yaliyorushwa na mvuke, kuanzia utosini hadi kiunoni, macho yanachuruzika, anakohoa, anauliza bomba liko wapi, na kabla hajaonyeshwa bomba mkuu wa matangazo akampiga picha.

Uso uliokunjamana kwa maumivu, kwenye picha ukaonekana unacheka. Wakaikuza, ikawa kubwa kama ukuta wa chumba, wakaibandika stesheni kuu pale watu wanapoingilia, na chini yake wakaandika Furaha ya Enzi Zile. Inatia kinyaa, hatutafuti neno jingine lililopambwa zaidi. Yeye hakuendesha tena, na injini ile bado inatembezwa Jumamosi, inasukumwa kwa nyuma na dizeli huku inapuliza moshi wa kuigiza, lakini picha ilibaki. Alikwenda kuomba waitoe, akaambiwa picha ni ya shirika, akaenda tena, akaambiwa wageni wanaipenda, akaenda mara ya tatu, akapewa kalenda yenye picha hiyo hiyo. Tangu hapo dereva aliyelitumikia shirika miaka arobaini na zaidi alikuwa akiingia stesheni kwa geti la mizigo, na shemeji akienda kliniki alipita pale ameinamisha kichwa, kwa sababu siku moja alikuta vijana wamejipanga mbele ya uso wa mume wake wanajipiga picha, mmoja amemwekea vidole vya pembe.

Mwaka 2021 alianza kukohoa kikohozi kile cha baba yetu, sote tulikitambua kabla ya daktari, na vipimo vilionyesha mapafu yaliyochakazwa na moshi wa ujana wake. Alilazwa tarehe 28 Mei 2024, na siku zake za mwisho hakudai kitu ila binti yake amkate kucha na kumsafisha chini ya kucha hizo, akawa kila asubuhi anainua mikono mbele ya dirisha, anaitazama mbele na nyuma. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Kesho yake ujumbe wa ofisi kuu ulifika na rambirambi, na chini ya kwapa la mmoja wao picha ile ile, imetiwa fremu ya dhahabu, iwekwe kichwani pa jeneza, na wakaomba injini iletwe karibu ipige honi wakati wa kumshusha, wageni wa Jumamosi nao waalikwe. Loo! Hata kwenye maziko mnataka matembezi? Tulikataa kwa pamoja bila kikao. Fremu yenu iko nyuma ya mlango wa stoo, imetazama ukutani, na mkiondoka msiisahau.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomgeuza na kumsikiliza, majirani waliopika na kukesha nasi, mtia makaa wake aliyekuja kila Jumapili na kipande cha sabuni badala ya matunda, na madereva wote wa treni za umeme aliowafundisha. Miongoni mwao tunamshukuru kipekee mmoja ambaye jina lake hatulijui, na tukilijua hatulisemi, wageni wa safu ya pili msihangaike kugeuka kutazama nyuso za watu, yule aliyepanda ngazi stesheni kuu siku ya msiba, mchana kweupe, akaibandua picha yote, akaikunja, akaileta nyumbani akaiacha barazani.

Shemeji aliipokea. Aliitandaza uani, akajaza beseni maji, akapiga magoti juu ya karatasi na sabuni na dodoki, akaanza kumwosha uso, paji, masikio, shingo, na sisi tuliotaka kumwambia kwamba ule ni wino tulimwacha. Alisugua mpaka karatasi ikalainika, masizi yakatoka, na uso ukatoka nayo, likabaki eneo jeupe, akainuka, akakausha mikono, akaenda kupiga pasi lile shati la harusi aliloshona baba yake, ndilo alilovaa kaka sasa hivi humo ndani ya jeneza, na limemkaa vizuri mabegani.

Kaka yetu, Bwana Sabuni, masizi tumeyarudisha shirikani. Wewe ni msafi. Pumzika kwa amani.