Vipimo vya Damu ya Hiram Gathogo

Waombolezaji, nani hapa Elburgon hajawahi kuchemsha githeri kwa vile vipande vya mbao vya kijani kutoka kiwanda cha nguzo za stima?

Hiram Gathogo alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, hapa hapa Elburgon, mtoto wa tatu wa mpasua mbao, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1985, akapita vizuri, lakini form one ikabaki ya wenye uwezo. Tarehe 10 Desemba 1994 alimwoa Wangechi, wakajaliwa Jamleck na Waithera, akawasomesha wote, Waithera hadi university, degree iko kwa kabati mpaka leo, but hiyo ni story ya siku ingine.

Februari 1999 aliingia kiwandani, kazi yake kulowesha nguzo kwa dawa ya mchwa, bila glavu, bila mask, na kila Krismasi management iliwapa wafanyakazi vipande vilivyobaki kama zawadi, naye akabeba akitabasamu, eti bosi anatujali, Wangechi akapikia, majivu akamwaga kwa shamba la sukuma wiki, ovaroli akafua kwa beseni moja na nguo za watoto. Alipouliza mbona moshi unachoma koo, supervisor alicheka, "Mzee, hiyo ni allergy, kunywa maziwa!"

Mwaka wa 2018 viganja vilianza kubambuka, 2021 akaanza kukohoa, wakamwachisha kazi mwezi huo huo, na tarehe 8 Agosti 2023, hospitalini Nakuru, akaambiwa ni saratani ya mapafu. Alienda kortini kudai haki yake, wakili wa kampuni akajibu kwa barua eti ni sigara, imagine, mzee wa kanisa ambaye hajawahi hata kuwashia mtu kiberiti! Na kila Januari nesi wa kampuni alimtoa damu, majibu yakafungiwa ofisini, confidential, asione hata mwenyewe. Aliyaomba kwa barua mara nne. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, kesi haijasikizwa.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika hapa siku tano, na Kiptanui, mwenzake wa kazi, aliyeandika ushahidi wake na Jumatatu iliyofuata akazuiwa getini.

Pumua vizuri sasa, Baba Jamleck.

Na wewe manager, uliyekalia kiti cha mbele na shada lako la maua, Wangechi ameanza kukohoa vile vile, daktari anauliza alivuta sumu gani, kwa hivyo shada rudi nalo, tuletee majibu ya ile damu, yote, kutoka Januari 2000, kesho asubuhi.