Bi Futi na Kamera Iliyosubiriwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Nimechefukwa. Tunamkumbuka Bi Futi, mshonaji wa sare za shule, na sitampulizia marashi. Tutamkumbuka alivyoishi na alivyokufa.

Futi ya kupimia haikumtoka shingoni, ndiyo asili ya jina. Hata wodini, nywele zimenyonyoka zote, futi ipo. Alimwambia nesi, "Mwanangu, aliyekushonea hiyo sare mna ugomvi naye?"

Alikuwa na saratani ya damu. Akapewa dawa kali, akazivumilia, saratani ikarudi nyuma. Narudia: saratani ilirudi nyuma. Lililobaki ni tumbo. Akaanza kutapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Choo kikawa cheusi, kinanata, kinanuka hadi jirani wa kitanda akageukia ukutani. Mwanamke aliyepiga pasi hata vitambaa vya kufutia cherehani! Bintiye alimsafisha, akambadilisha, akamsafisha tena.

Daktari wa damu akamwita wa tumbo aingize mpira wenye kamera, aone kinachovuja. Wa tumbo akasema, "Chembe zake za kugandisha damu ziko chini mno. Zipande kwanza, nisije nikamwongezea balaa." Haki yake, hofu hiyo ina msingi. Lakini chembe hizo huongezwa kwa mfuko, kama damu. Nani auagize? Wa damu alidhani wa tumbo ataagiza akiwa tayari. Wa tumbo alidhani wa damu ameshaagiza. Kila asubuhi wanapita, wanatikisa vichwa: "Tunasubiri chembe zipande." Zipande kwa kutumia nini, ngazi? Ptuu!

Huku wakibahatisha. Dawa ya asidi. Dawa ya fangasi. Bi Futi akanung'unika, "Hawa wanashona gizani. Mimi koti likinishinda, nalifumua nione ndani."

"Mama, wanaogopa utavuja damu."

"Na hii ya kwenye beseni ni nini, wino?"

Hatimaye daktari mmoja aliyetoka likizo akauliza, "Mfuko wa chembe uko wapi?" Akauagiza mwenyewe. Chembe zikaja asubuhi hiyohiyo, mchana kamera ikaingia. Hakuna kilichochanika, wasikilizaji. Hakuna. Kidonda kikaonekana, kikabanwa kwa kibanio kupitia mpira uleule, damu ikakata. Ni kazi fupi kuliko kupindia suruali. Ila moyo ulishachoka na kuvuja kule kote, na alfajiri ukasimama. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisemi kila mgonjwa wa namna yake aingizwe kamera. Wapo ambao haiwafai, wapo ambao haitabadili dawa. Hilo waamue madaktari, lakini waamue! Kungoja kusiko na mwenyewe si tiba, ni uchafu.

Binti, pole sana. Poleni ndugu, na nyote mliovaa mishono yake. Na wewe unayeuguza mtu leo, ukiambiwa "tunasubiri", uliza kwa adabu: anayeleta ni nani? Usiondoke bila jibu.

Binti alinisimulia ya asubuhi ile ya msiba. Alikuwa anakunja shuka za mama yake. Daktari wa damu akapita na msafara wake, akasimama kwenye kitanda kitupu, akauliza, "Vipi, chembe zimepanda?"

Binti alimkabidhi beseni.