Kurasa Nane Tupu za Mama Miisho

Baada ya miaka thelathini na miwili katika Idara ya Fasihi, mhadhiri wetu wa riwaya anastaafu tarehe 30 Juni. Anaondoka na cheo kilekile alichokipata mwaka wake wa tisa kazini. Ofisi ya Utumishi imeniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Mfupi nitaweza.

Alifundisha riwaya za usasaleo, zile zinazomkumbusha msomaji kila mara kwamba hadithi imetungwa na mtu, na mtu hudanganya. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Miisho. Kila riwaya aliyowagawia aliichomoa kurasa za mwisho, akazifungia kabatini, na kumtaka kila mmoja aandike umalizio wake. Aliyelalamika kwamba hajui mwandishi alikusudia nini aliambiwa akamuulize mwandishi. Wenzake walimtania kwamba hata chai haimalizi. Ni kweli, kikombe chake kilibaki nusu kila siku.

Nami nilipita mikononi mwake. Siku ya kwanza alituonyesha kovu mkononi, akasema aliunguzwa na birika. Wiki iliyofuata kovu lilikuwa la mbwa wa jirani, na wiki ya tatu la kisu cha kaka yake. Ndivyo alivyotufundisha msimulizi asiyeaminika. Kwenye mtihani niliandika kwamba mwalimu ni mwongo, nikathibitisha kwa hoja nne. Alinipa alama za juu kuliko wote, na baadaye akanipigania nipate kazi hapa idarani.

Miaka kumi na mitatu iliyopita alichapisha kitabu chake kuhusu mbinu za riwaya hizo. Sura ya mwisho ilikuwa na kichwa tu, kisha kurasa nane tupu, ili msomaji aimalize mwenyewe. Alikipeleka kwenye kamati ya kupandisha vyeo, akiomba uprofesa. Tulikuwa watu watano mezani, wote walimu wa riwaya. Mmoja alidhani ni kosa la mpiga chapa. Mwingine alisema hajawahi kuona mtu akipewa uprofesa kwa karatasi nyeupe, na wengine wakacheka. Kinyozi hajinyoi. Sisi tuliokuwa tukisahihisha insha kuhusu hadithi zisizo na mwisho tulimrudishia mwenzetu kitabu, tukamtaka akikamilishe kwanza.

Katibu wa kamati nilikuwa mimi. Nilijua vizuri kurasa zile ni za nini, maana ni mimi peke yangu pale niliyekuwa mwanafunzi wake. Nilinyamaza kimya kama maji mtungini. Faili langu lilikuwa lijadiliwe baada ya chai, nami nisiwepo chumbani, na sikutaka kumuudhi yeyote kabla ya kutoka. Niliandika barua ya kumkatalia, nikaitia sahihi. Mwaka huohuo nikawa profesa. Asante ya punda ni mateke, na teke langu nililipiga kwa Kiswahili sanifu.

Hakuomba tena. Nakala yake aliiacha juu ya meza katika chumba namba kumi na nne, na kila mwaka wanafunzi waliopenda waliandika miisho yao humo. Sasa kurasa zimejaa hadi pembezoni. Somo lenyewe linafutwa mwezi Julai, kwa kuwa idara inasema hakuna wa kulifundisha. Kwenye kikao kilichoamua hivyo pia nilikuwepo.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsaidia kufunga maboksi, nikaomba kukiona kitabu. Ukurasa wa kwanza kati ya zile nane ulikuwa na barua yangu, imebandikwa kwa gundi. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

“Wa kwanza kuandika ulikuwa wewe, mwanangu. Wengine wote niliwasahihisha. Mwisho wako umenishinda.”

Kisha akaniomba nimshikie boksi.

Mama, idara inakushukuru kwa madarasa yote, kwa subira yako, na kwa kuendelea kutusalimia kila asubuhi. Tunakutakia afya njema, usingizi mzuri, na chai ya kumaliza au kuacha, upendavyo. Ulinifundisha nisimwamini msimulizi, nami nimekupa kila sababu ya kutoniamini. Lakini hili naliandika mbele ya idara nzima, kwa sahihi ileile: kitabu chako kilikuwa kimekamilika, na nilijua.