Rupia za Mama Hortense: Maisha ya Marehemu Feruzi Kitenge, Sonara wa Kataki

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kwenye kisomo hiki cha siku ya saba, hapa nyumbani kwake Kataki, Kalemie, leo Alhamisi tarehe 3 Februari 1994, Mungu awalipe kwa miguu yenu. Ninayesoma ni Zuhura, mjukuu wake wa kwanza. Marehemu alizoea kuniita bibi yake, hata mbele ya bibi mwenyewe, na mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake popote alipo. Kwa hiyo nikicheka msinishangae. Nimeshalia vya kutosha, na leo nimekuja nikiwa nimepumua. Karatasi mlizoshika zimepigwa kwa mashine ya parokia, na mapadri hawakudai hata likuta moja. Tunawashukuru.

Babu hakuogopa kufa. Katika uzee wake aliogopa kitu kimoja tu, kufa akiwa na mali ya mtu mikononi. Mali hiyo ilikaa katika nyumba hii karibu miaka kumi na sita, na sote tuliolelewa humu tulilelewa pamoja na hofu yake. Nitaieleza ikifika zamu yake.

Marehemu Feruzi Kitenge alizaliwa Mtowa, kaskazini ya mji huu, mwezi wa Rajabu mwaka 1339, ndiyo Machi 1921. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyemwandikisha hakujua Rajabu ni mwezi gani na hakutaka kusumbuka. Baba yake, Kitenge bin Sumaili, alikuwa akivusha chumvi na samaki wakavu kati ya Mtowa na Ujiji. Mama yake, Mwasiti, alikuwa Mholoholo wa kando ya mto Lukuga. Walizaa watoto tisa, wakapona yeye na dada mmoja.

Wakati ule shule zilikuwa za misioni, na mtoto aliyeingia alitoka na jina la ubatizo. Baba yake hakutaka. Mwaka 1931 alimvusha ziwa akamkabidhi kwa mwalimu wa chuo huko Ujiji, na Babu akakaa miaka minane. Asubuhi alisoma Korani, mchana alivukuta moto kwa sonara mmoja aliyekuwa jirani ya chuo. Kwa mwalimu alijifunza hesabu ya zaka, dinari ishirini za dhahabu na dirhamu mia mbili za fedha. Kwa sonara alijifunza dhahabu na fedha zenyewe zinavyonuka zikiwa motoni. Kifaransa hakukisoma. Alijua *bonjour* ya kusalimia na *impôt* ya kodi, akasema maneno hayo mawili yanamtosha kuishi na serikali.

Mwaka 1948 alifungua kibanda chake karibu na soko, mji ukiitwa bado Albertville. Alifua bangili, pete na vikuku, na mali ghafi yake kubwa ilikuwa rupia, zile sarafu za fedha za zamani za Wadachi, ndio Wajerumani, zilizovuka ziwa na kubaki kwenye masanduku ya wanawake. Rupia moja ina uzito wa tola moja kamili, na tola ndiyo kipimo cha masonara. Alikuwa akirudishia mteja hata unga uliodondoka chini ya tupa, umefungwa kwenye karatasi. Alisema karatasi iliumbwa kwa kazi hiyo, na kwa kuandikia, si kwa kuwa pesa.

Maneno hayo yalimpa wagomvi. Kila Ramadhani watu walimwendea awaambie ni zaïre ngapi za noti zinazomfikisha mtu kwenye zaka. Alipima kwa fedha, tola hamsini na mbili na nusu, kisha akauliza bei sokoni. Kila mwaka hesabu ya zaïre ilipanda, na kila mwaka watu walimlaumu kama vile yeye ndiye aliyeipandisha.

“Papa Feruzi, mwaka jana haikukuwa hivi,” walimwambia.

“Feza iko pale pale,” akajibu. “Makaratasi njo inashuka.”

Maalim Asumani, imamu wetu, ambaye yuko hapa na ananikodolea macho, alibishana naye barazani miaka ishirini. Maalim alisema kitu chochote ambacho soko limekikubali ni pesa, na haki za Mungu zinatoka humo humo. Babu alikubali kwamba zaka ya noti ni wajibu, maana maskini naye ananunua unga kwa noti. Alichokataa ni kuziwekea moyo. “Hii karatasi ni ahadi,” alisema. “Mwenye kuahidi akibadirisha mawazo asubuhi, unabakia na nini?” Maalim alimjibu kwamba hata dhahabu hailiwi na ugali. Kisha wote wawili walikunywa chai.

Tarehe 14 Oktoba 1950 alimwoa Mama Salima binti Radjabu, wa ukoo uliotoka Kabambare. Baba mkwe alikuwa mtu wa bandarini, mwenye saa na kofia, naye alitaka mahari ya noti za Wabelgiji. Babu akalipa noti kama alivyoambiwa. Siku ya harusi akampa bibi arusi rupia arobaini juu yake, kwa kuwa mahari ni ya mwanamke mwenyewe, na hakutaka mke wake aamke siku moja akute mahari yake inafaa kuwashia makaa tu. Kutokana na rupia hizo Bibi alifuliwa bangili kumi na mbili, akazivaa miaka arobaini na miwili. Walipata watoto saba, na watano wako hai.

Sasa nakuja kwenye amana.

Machi 1978 alikuja kibandani Mama Hortense, Mkristo wa Moba, mjane wa mvuvi. Babu aliwahi kumtengenezea mnyororo wa rozari, akamrudishia unga wa fedha, na mama huyo hakusahau. Alikuwa ameuza mtumbwi na nyavu za mumewe, na alikuwa anakwenda kukaa kwa kaka yake aliyefanya kazi kwenye barrage, bwawa la umeme, ya Piana-Mwanga. Alimwachia zaïre elfu mbili na mia nne, zote noti za kumi kumi.

“Papa Feruzi, uniwekee,” alisema. “Usitumie, usibadirishe. Njo ya minerval, feza ya masomo ya Bertille, mutoto wangu. Nitarudia kuikamata vile vile.”

Babu alikubali. Mwaka haukuisha, akaona kikapu cha ndagala kimepanda bei mara mbili. Noti za Mama Hortense zilikuwa zimetulia sandukuni, hakuna aliyezigusa, na zilikuwa zinapungua. Alimwendea Maalim Asumani.

“Alikuambia usibadirishe,” Maalim alisema. “Basi, usibadirishe.”

“Na kama inaoza?”

“Ioze. Ni yake.”

Kwa sheria Maalim alikuwa na haki, na Babu alijua. Mwenye kushika amana akiigeuza bila ruhusa ya mwenyewe amefanya khiyana, hata nia ikiwa safi. Watu wengine waliomwekea pesa walikuwa hapa hapa mjini. Aliwauliza kama wanataka azigeuze fedha, wakamwambia awaachie makaratasi yao. Mama Hortense alikuwa mbali. Agosti 1979, bila kumwambia mtu ila mke wake, Babu alizitoa zile noti, akapita nyumba kwa nyumba kando ya ziwa na kununua rupia mia na kumi na mbili. Alizifunga kwenye kitenge. Juu yake aliandika kwa herufi za Kiarabu kwamba ameasi neno la mwenye mali, na kwamba kila hasara itakayotokea ni juu yake.

Krismasi ya mwaka ule ilitangazwa kwamba noti za zaïre tano na za kumi zimekufa. Siku za kuzibadilisha zilikuwa chache na kila mtu aliwekewa kiasi. Wenye umri wangu tunakumbuka mistari mbele ya benki na wanawake waliokaa chini wakilia. Siku nzima Babu alikimbia mtaani akirudisha amana za watu mkononi mwao, wawahi kupanga mstari. Aliporudi nyumbani alikaa, akanywa maji, ndipo alipokumbuka sanduku lake mwenyewe, lililojaa noti ambazo wateja walimlipa. Alipofika benki hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu mkubwa wa dhahabu na fedha wa Kalemie nzima aliuawa na karatasi kama sisi wote! Bibi alimcheka hadi mwaka mpya.

Sisi wa nyumbani tulianza kumwita mjanja kwa ajili ya zile rupia. Hakupenda. “Nilipata bahati,” alisema. “Ruhusa sikupata.”

Akaanza kumtafuta Mama Hortense. Alituma barua kwa treni hadi Kabalo, na kutoka Kabalo kwa mitumbwi hadi Ankoro, ambako tulisikia amehamia na kuuza samaki. Barua zilisema tu: njoo tuongee habari ya ile feza yako. Hakuthubutu kuandika kwamba kuna rupia, kwa kuwa barua hufunguliwa na wanajeshi wana masikio. Miaka ilipita na Mama Hortense hakuja. Babu akaamua kwamba mama yule amesikia pesa yake iligeuzwa na amekasirika. Wakati wa *pillage* ya 1991, wanajeshi walipopora watu wakaingia na humu, walichukua redio, mashuka na mizani yake. Kifurushi kilikuwa chini ya majivu ya tanuru yake, wakakiacha.

Mwaka 1992 alianza kuugua tezi na kibofu. Daktari alitaka kupasua, na nyumbani hakukuwa na kitu. Mimi mwenyewe nilisema tutumie rupia kumi tu, tutazirudisha. Babu alinitazama, na tangu siku ile sijasema tena neno kama lile. Bibi Salima alitoka nje, akarudi mikono yake ikiwa mitupu, bangili zote zikiwa ndani ya sahani.

“Hizi ni zangu,” alimwambia. “Hapa huna fatwa.”

Babu aliazima mizani ya jirani, akazipima mwenyewe kwa ajili ya mnunuzi, akilia. Tunamshukuru Bibi mbele yenu wote, kwa sababu operesheni ile ilitupa mwaka mmoja na nusu pamoja naye, na ulikuwa mwaka wa maana.

Desemba iliyopita jirani yetu Papa Jean, anayefanya kazi ya treni, alimkuta Mama Hortense uso kwa uso katika soko la Kabalo, akamwambia mzee anakufa. Alhamisi tarehe 6 Januari aliingia uani hapa na kikapu cha samaki kichwani.

“Papa Feruzi, sikuja kudai,” alianza kabla hajakaa.

“Ngoja kwanza,” Babu alisema. “Mimi nilikukosea.”

Alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, kifurushi kikiwa bado kimefunikwa. Alikataa kukifungua kabla ya kumaliza, ili asisamehewe kwa sababu ya kung’aa kwa fedha. Kisha akaweka mbele yake vitu viwili. Kimoja kilikuwa noti mia mbili na arobaini za zaïre kumi, zilizokufa, alizoomba kwa watu waliozibakiza kwa uchungu. Cha pili kilikuwa rupia mia na kumi na mbili.

“Hii njo ulileta,” alisema. “Na hii njo niliifanya bila ruhusa yako. Yote ni yako. Ninaomba tu uniachilie ile siku.”

Mama Hortense hakugusa kitu.

“Miaka hii yote ulikuwa unaniita juu ya hii?”

“Juu ya hii.”

Alicheka hadi akashika mlango, kisha kicheko kikageuka kilio. “Mimi nilisema feza ilikufa pamoja na ya watu wote! Nikasema, huyu muzee wa watu ananiita, anataka kunilipa kwa jasho yake kitu serikali iliua. Nikasema siendi kumupa haya.”

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Huyu aliogopa hasira ya yule, yule alimwonea haya huyu, na wote wawili wakazeeka. Mama Hortense alimshika Babu mikono yote miwili na kusema, “Nimekuachilia, Papa. Mbele ya Mungu yako na yangu.” Alitaka kumwachia rupia kumi za dawa. Babu akakataa, tena kwa ukali. Bertille sasa ana watoto watatu, na minerval itakuwa yao. Mchana ule Babu alilala tangu adhuhuri hadi alasiri, na Bibi alikwenda mara mbili kuangalia kama anapumua.

Aliishi wiki tatu baada ya hapo, akila vizuri na kunitania. Alifariki Ijumaa tarehe 28 Januari 1994, alfajiri, nyumbani, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, Mama Salima. Watoto watano, Kitenge, Mwasiti, Radjabu, Yuma na Tausi. Wajukuu kumi na tisa, vitukuu wanne, na Maalim Asumani ambaye sasa hana wa kubishana naye.

Ijumaa ile, jeneza likiwa hapa uani, Maalim aliuliza kama inavyoulizwa kwa kila maiti wetu: kama kuna mtu anayemdai marehemu, aseme sasa, warithi wa kulipa wapo. Sisi wa nyumba hii tulikuwa tumeliogopa swali lile miaka kumi na sita. Kisha katikati ya wanawake alisimama Mama Hortense, aliyekuwa hajarudi Ankoro, rozari shingoni, na nikaona mabega ya baba yangu yanashuka.

“Mimi njo nilikuwa namudai,” alisema kwa sauti ya sokoni, ili hata walio barabarani wasikie. “Alinilipa yote. Hakuna mwingine. Mumubebe, muende.”

Wakambeba.

Mungu amrehemu Babu yetu na kumpokea, mikono yake ikiwa haina kitu cha mtu. Amin.