Yasoni au Haralambos

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kahawa la Marigo, hapa Argos, kwenye kona nyembamba kiasi kwamba basi la watalii wanaokwenda kwenye magofu ya Mikene likipita, inabidi sote tukunje magoti. Ijumaa ile tulikuwa wanne. Mimi natengeneza pampu za maji za mashambani. Shule niliiacha mapema, na mambo ya kale nimejisomea mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Profesa ni kinyozi. Jina hilo amelipata kwa sababu humhadithia kila mteja alichosoma usiku, na mteja mwenye wembe shingoni habishi. Rubani ameendesha trekta maisha yake yote. Wa nne ni Haralambos, na siku hiyo alikuja kama mtu aliyefiwa. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa mwanawe Nikiforos, alikuwa anabatizwa Jumapili huko Athene. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na mtoto hana jina mpaka atoke majini. Haralambos alikuwa amelisubiri jina lake kwa karibu mwaka mzima.

Haralambos: Yasoni.

Rubani: Yasoni nani?

Haralambos: Mjukuu wangu. Nikiforos kanipigia simu jana, bila hata kukohoa. "Baba, tumekubaliana, ataitwa Yasoni." Eti Haralambos ni jina la mtu wa mbuzi.

Rubani: Si unao mbuzi?

Haralambos: Ninao. Lakini jina sikupewa na mbuzi. Nimepewa na babu yangu, naye alipewa na babu yake. Sasa linafia kwangu, kwa sababu mke wa Nikiforos kaona Yasoni ni la kisasa.

Profesa: La kisasa wapi, mzee wangu. La kale hilo. Ushukuru. Yasoni alikusanya mashujaa hamsini, wakapanda merikebu, wakaenda mpaka mwisho wa dunia kuleta ngozi ya dhahabu.

Mimi: Kuiba ngozi ya dhahabu. Sema yote.

Profesa: Hakuiba. Alitumwa.

Mimi: Hata mwizi wa pampu zangu alitumwa. Ngozi ilikuwa na mwenyewe. Yasoni akamlaghai binti wa mwenyewe, Medea, akasaidiwa kuichukua, akatoroka na binti pamoja na mali. Akazaa naye watoto wawili. Halafu akaona binti wa mfalme mwingine ana faida zaidi, akamwambia Medea kwaheri. Medea akawaua watoto. Yasoni akazeeka peke yake, siku moja akalala chini ya merikebu yake iliyooza, ubao ukachomoka, ukamwangukia kichwani. Akafa. Ndiye shujaa mwenyewe huyo.

Haralambos: Ubao?

Mimi: Ubao.

Haralambos: Kwa hiyo wanataka mjukuu wangu afe kwa ubao.

Akaagiza kahawa ya pili. Rangi ilianza kumrudia usoni.

Rubani: Basi tafuta suluhu. Mwambie Nikiforos amwite Agamemnoni. La kale kama anavyotaka, na ni jirani yetu, kaburi lake ukipanda pikipiki unafika sasa hivi.

Mimi: Agamemnoni alimchinja binti yake ili apate upepo wa kwenda vitani. Aliporudi mkewe akamuulia bafuni.

Rubani: Theseo?

Mimi: Alimwahidi baba yake kwamba akirudi salama atashusha tanga jeusi apandishe jeupe. Akasahau. Mzee akaliona jeusi, akajirusha kutoka juu ya mwamba.

Haralambos: Alisahau tu?

Mimi: Alisahau tu.

Haralambos: Huyo ni Nikiforos mtupu.

Rubani: Edipo, je?

Mimi: Yule wa mama yake mzazi? Rubani, kuna wanawake wanapita.

Niseme ukweli, mimi hasira zangu ziko karibu. Kila mtu mjini hapa anajigamba na mashujaa hawa, ila hakuna hata mmoja ambaye angewapangisha chumba. Tumewatengenezea sanamu na kadi za posta kwa sababu hawawezi tena kuja kukopa wala kuoa kwetu.

Profesa: Mnakwama kwenye matendo. Matendo si hoja. Hoja ni sauti. Ukitamka maneno ya kale, hewa inaingia kwenye ubongo mara tatu ya kawaida. Wataalamu wamepima.

Mimi: Wataalamu gani?

Profesa: Wa nje.

Mimi: Wa nje wapi?

Profesa: Nje kabisa.

Rubani: Anasema kweli. Hata kompyuta, zile kubwa, hazielewi lugha nyingine yoyote. Ukiongea nayo Kigiriki cha kale inatii. Ukiongea hiki chetu cha sokoni inazima.

Mimi: Wewe umeongea nayo?

Rubani: Nitaongeaje? Cha kale mimi sikijui.

Mimi: Na wewe Profesa unakijua?

Profesa: Nakielewa kwa moyo.

Mimi: Tupe mstari mmoja basi, tuingize hewa.

Profesa akavuta pumzi, akafumba macho, akatoa kitu kwa sauti ya puani.

Mimi: Hiyo si ndiyo anayoimba kasisi kila Jumapili?

Profesa: Ni lugha ya kale.

Mimi: Maana yake?

Profesa: Maana yake ni kubwa.

Haralambos: Na jina langu, Profesa? Lenyewe haliingizi hewa?

Profesa: Linaingiza, mzee, linaingiza. Kiasi.

Rubani aliona ameachwa nyuma, na Rubani hapendi kuachwa nyuma.

Rubani: Nyote mnazunguka tu. Watu wale hawakuwa watu. Walishuka kutoka kwenye nyota. Yasoni hakusafiri baharini, alikwenda juu. Si hadithi inasema merikebu yake ilikuwa na ubao unaoongea? Umeona wapi ubao unaongea? Ile ilikuwa redio.

Haralambos: Ndiyo iliyomwangukia kichwani?

Rubani: Hiyo hiyo.

Mimi: Mungu wangu.

Rubani: Cheka tu. Wanaficha. Lakini Haralambos asihangaike na simu, dawa ninayo. Kwenye ubatizo kasisi anamgeukia msimamizi wa mtoto, anamuuliza jina. Pale pale, kabla msimamizi hajafungua mdomo, wewe uko pembeni ya beseni, unasema kwa nguvu: Haralambos. Kasisi mzee, masikio mazito, anakuitikia. Jina likishatamkwa juu ya maji limekwisha. Hata Nikiforos alie damu.

Profesa: Kisheria, hapo kuna utata.

Rubani: Utata upo ofisini. Majini hakuna utata.

Haralambos: Nisimame upande gani? Wa kulia au wa kushoto?

Mimi: Mzee, unataka kwenda kupiga makelele kanisani, juu ya mtoto aliye uchi anayetetemeka?

Haralambos: Wewe una wajukuu watatu, mmoja ana jina lako. Ndiyo maana unaongea umeshiba.

Nikaweka kikombe chini kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Ndipo akatoka dukani daktari mpya wa kituo cha afya, binti wa Thesaloniki anayetumikia kwetu mwaka wa lazima wa kila daktari mpya. Alikuwa na siku chache tu hapa, hata jina la utani tulikuwa hatujampa. Marigo alimfuata na kahawa yake hadi mlangoni.

Marigo: Huyu hapa, daktari, ndiye mwenye mjukuu wa kubatizwa Jumapili.

Daktari: Hongera, baba. Aishi miaka mingi.

Haralambos: Asante, mwanangu.

Daktari: Anafanana na nani?

Haralambos akageukia benchi. Akamtazama Profesa. Profesa akatazama viatu vyake.

Hakuna aliyejua. Tangu mtoto azaliwe, Haralambos hakuwa amekanyaga Athene. Aliapa kwamba hataiona sura ya mtoto mpaka asikie ataitwa nani, na Nikiforos naye, kichwa kigumu kile kile, akaapa kwamba hatatuma hata picha. Na kijiwe kizima kilimpongeza mzee, kikamnunulia kahawa, kikasema huo ndio msimamo wa mwanaume.

Rubani: Ana damu ya Argos.

Daktari: Ndiyo, lakini sura. Macho, kwa mfano.

Haralambos: Meusi.

Kisha akasema tena, taratibu.

Haralambos: Sijui. Huenda ni meusi.

Daktari aliona amegusa kidonda, ila hakujua ni kipi. Akashika kahawa yake kwa mikono miwili, akawa kama anataka kuomba radhi.

Haralambos: Daktari, mtoto wa mwaka mmoja anakula machungwa?

Daktari: Anakula, baba. Yakate vipande vidogo, na mbegu uzitoe zote.

Haralambos akainuka.

Haralambos: Marigo, basi la Athene la mchana limeshapita?

Marigo: Bado. Ila ukienda kuoga utalikosa.

Profesa: Mzee, kwani ubatizo si keshokutwa? Na jina, je? Tumekubaliana vipi kuhusu jina?

Haralambos alikuwa ameshavuka barabara, kikombe cha pili hakijaguswa, anamgongea muuza matunda aliyefunga kwa ajili ya chakula cha mchana.