Hulda na Wimbo wa Ukurasa wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, kamwene, wanaorekodi kwa simu wazime kwanza, maana haya nitakayosoma mimi Esnath yasivuke ua huu wa hapa kijijini Yakobi, nilimwapia marehemu kwamba sitamwambia mtu, nanyi niapieni vilevile, haya, asanteni, sasa nasema.

Wifi yangu Hulda alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Makete, pembeni mwa uwanda wa maua wa Kitulo, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1970 akapata kazi ya kupika kwa Mama Margareth, mwalimu wa misheni kutoka Marekani aliyeishi Njombe mjini, ambaye kila akikanda mkate aliimba nyimbo za wakulima wa kwao na za kulisifu taifa lao, na Hulda akazinakili zote katika daftari, maandazi yakiungua.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na kaka yangu Sadock, ambaye kusema kweli alifuata maandazi, wakajaliwa watoto wanne, kitinda mimba ni Eveline, huyu mwenye kilemba cheupe.

Mwaka 1989 alianzisha kikundi chetu cha kuimba nyimbo hizo za Marekani, tukaimba harusini, kwenye sikukuu za mavuno na mbele ya wageni wa dayosisi, Wazungu wakalia na sisi tusijue tumewaliza kwa neno gani, maana Kiingereza chetu chote kilikuwa ndani ya daftari la Hulda.

Tarehe 18 Agosti 2019, siku ya mavuno, daftari lilipotea, na mwezi huohuo Ebeneza, sauti yetu ya nne, akahamia Makambako, akaanzisha kikundi chake, akasema nyimbo anatumiwa na rafiki yake wa Marekani, sisi tukabaki na nyimbo tatu, kikundi kikafa, na Eveline, aliyeahidiwa kukirithi, akakosa cha kurithi.

Kisukari kilimwanza mwaka 2021, akalazwa hospitali ya Tandala tarehe 2 Juni 2025, na huko akaniambia, "Wifi, wimbo wa ukurasa wa mwisho nilitunga mwenyewe, wa maua ya kwetu, kwa Kiingereza changu cha jikoni, nikaona haya, sijamwimbia mtu. Wewe nyamaza, mwizi atauimba." Alifariki tarehe 9 Juni, saa tano asubuhi.

Maneno ya wimbo huo aliniandikisha, jana nikampa Mchungaji katika bahasha, kisha nikamwomba Ebeneza aje na wimbo ambao sisi wa Yakobi hatujawahi kuusikia, na leo jeneza lilipotoka mmemsikia akitangaza wimbo wa kale sana wa Marekani, Mchungaji akaufuata kwa kidole kwenye karatasi yangu, mstari kwa mstari, hadi mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa kuni na maji, wanakikundi wenzake wote, na kwa namna ya pekee Ebeneza, aliyesimama pale na daftari mkononi, kwa kulitunza miaka sita, naona hata jalada amelivalisha karatasi ya kalenda, Eveline mwanangu, nenda kalipokee.

Pumzika kwa amani, wifi, wimbo wako tumeusikia, na aliyeuimba bado amesimama.